Chetezo Nilichokikondesha

Mwanangu Kimuyu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si Mwalimu Akinyi, wala Mungu kwa sauti: chetezo cha Hajia hukukiharibu wewe. Nilikiharibu mimi. Nimelijua hilo kwa wiki tatu. Nimekula nawe meza moja, nimekusikia ukisema macho yako yamekwisha, na nimenyamaza.

Sasa nimeandika. Mwandiko umepinda kidogo, lakini limeshaandikwa.

Usicheke kwa kuwa nimekuita mwanangu. Wewe ndiye uliyeanza. Kwetu Wakamba msichana akipewa jina la nyanya yake mzaa baba, baba yake humwita mama, na wewe ulilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko baba mwingine yeyote wa ploti hii. Nilipokuwa na miaka mitano ulikuwa ukisimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama, naomba ruhusa niende kazini." Nami nikikuruhusu. Siku moja nilikataa kwa sababu ya mvua. Ukaketi, ukavua viatu, na mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Baba Syombua, wacha mchezo, utachelewa!" Ukamjibu, "Sasa mimi nifanye nini? Mama amekataa."

Kesho alfajiri unaenda Nakuru kulinda ghala la mbolea. Leo ni Jumapili, mama yuko kwenye mkutano wa kwaya, wewe uko kwa kinyozi, na mimi nina saa mbili hivi. Sitaandika kuhusu sweta wala kuhusu kula vizuri. Mama ameyasema hayo, na atayasema tena. Nataka kukuonyesha makosa yangu mstari kwa mstari, kama tunavyotakiwa kuonyesha njia kwenye hesabu, ili uone ni mstari gani ulioharibu jibu.

Mstari wa kwanza unatangulia chetezo. Ni ile siku ya wazazi nilipokuwa kidato cha pili. Ulitoka karakana moja kwa moja ukaja shuleni, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Mwalimu Akinyi alikuwa ametupanga sisi wa chama cha hesabu, kila mmoja na kompyuta yake, tuwaonyeshe wazazi maumbo tuliyochora: mpira, tairi, tandiko la farasi. Zamu yangu ilipofika ulinyoosha mkono ukagusa skrini, ukapitisha kidole kwenye tairi langu kama unavyopitisha kwenye mgongo wa twiga unayemchonga ukitafuta mahali ambapo msasa haujafika. Kidole kikaacha alama. Wasichana wawili nyuma yangu wakacheka. Nikakuambia, "Baba, hiyo haiguswi."

Ulirudisha mkono mfukoni haraka sana. Niliona. Njia nzima ya kurudi nyumbani uliniuliza maswali kuhusu lile tairi, nami nilikujibu kwa maneno makubwa ambayo nilijua huyaelewi. Nilitaka usiyaelewe. Sijui kama ulilijua hilo. Nadhani ulilijua.

Halafu Hajia Halima akaja karakana. Wewe ulinisimulia jioni ile, ukiigiza sauti yake ya upole. Ana duka la udi na manukato Eastleigh. Mama yake alikuwa na chetezo cha udongo alichokuja nacho kutoka ng'ambo ya mpaka, na walipokuwa wakihama duka kikaanguka kikawa vipande. Kilichobaki ni picha moja. Hakutaka cha kufukizia. Alitaka kikubwa cha mti, cha kusimama mlangoni pa duka, umbo lilelile, ili kila anayeingia apite mbele ya mama yake. Hayo ndiyo maneno yake. Na wewe, ambaye umechonga twiga maisha yako yote, ukamwambia utaweza, kisha ukarudi nyumbani ukakaa na picha ile mkononi.

"Mama," ukaniuliza, "ile kompyuta yenu inaweza kunionyesha upande wa nyuma?"

Sijawahi kuulizwa swali na mtu yeyote nikajisikia vile. Nilisema inaweza kabla hujamaliza.

Nataka uelewe nilichofanya, na safari hii nitatumia maneno madogo. Kitu cha mviringo kama chetezo kinaweza kuelezwa kwa namba mbili zinazotembea. Moja inapanda kutoka chini hadi juu. Nyingine inazunguka. Kila zinapokutana, programu inaweka nukta, na nukta zikiwa nyingi zinashikana zinakuwa ngozi. Unachohitaji kujua ni upana tu katika kila kimo. Nilipima picha kwa rula sehemu kumi na sita, nikakuza vipimo hadi kimo cha sentimita themanini alichotaka Hajia. Tumbo likawa sentimita thelathini na sita. Kiuno, kumi na tano.

Namba hizo zilikuwa sahihi. Ninazo hapa kwenye daftari langu, na nimezizungushia duara.

Lakini nilipoziingiza, kwenye skrini kikatokea kitu kifupi kinene, kama chungu kilichokaliwa. Nikaangalia picha ya Hajia, nikaangalia skrini. Havikufanana. Ningeweza kumwita Mwalimu Akinyi, alikuwa meza ya tatu akisahihisha madaftari. Lakini mimi unanijua, hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani huwa nangoja kengele. Nikajiambia nimepima vibaya. Nikapunguza upana kidogo kidogo, mpaka nilipoupunguza kwa theluthi nzima, na chetezo kikasimama kizuri kabisa, kama cha kwenye picha. Nikakizungusha. Nikaona upande wa nyuma ulioutaka. Nilifurahi, mwanangu, nusura nilie.

Nikachapisha ule mstari wa ubavuni, nikaubandika kwenye kadibodi, nikaukata kwa wembe, nikakuletea iwe pateni yako ya kuchongea.

Wewe ukautoa ule mti wa muhugu. Mama alikuwa akisema siku moja atakutwa amekufa kwa kujikwaa kwenye gogo lile, limekaa likichomoza chini ya kitanda tangu nikiwa chekechea. Ulikuwa ukingoja kazi inayolifaa. Ukalipeleka karakana, na kila siku baada ya shule nilipitia huko, nikivuka upande wa pili wa Jogoo Road ili moshi wa nyama choma ya soko la Burma usinitie njaa. Nilikukuta ukiegemeza pateni yangu kwenye mti, ukiinama, ukitazama kama mwanga unapita katikati. Ukipita, unaondoa unyuzi mmoja. Unaegemeza tena. Unaondoa tena. Sijawahi kuona mtu akitii kitu namna ile.

Siku ya nne uliniita.

"Mama, hebu njoo. Kiuno hiki hakinikalii vizuri."

"Kimefanya nini?"

"Kinakonda. Tazama picha. Huyu ni mwanamke ameshiba. Wangu ana njaa."

Nilitazama. Nataka uujue huu mstari kuliko mingine yote. Nilitazama na nikaona kwamba unasema kweli. Lakini Nzioka, mchongaji mwenzako, alikuwa benchi la pili akisikiliza, na pale pembeni kulikuwa na pateni yangu, imekatwa safi. Nikakumbuka saa nilizokaa kwenye skrini. Nikakuambia, "Hiyo picha imepigwa kutoka juu, baba. Ndiyo maana anaonekana mnene. Fuata namba."

Nilibuni, papo hapo. Picha haikupigwa kutoka juu.

Uliirudisha picha mfukoni. Ukasema, "Haya. Mama amesema." Ukachukua tezo ukaendelea kuchonga.

Mti uliouondoa baada ya hapo haurudi. Kama tungekuwa tumeongeza unene badala ya kupunguza, ungechonga tena. Lakini mimi nilipunguza.

Siku Hajia alipokuja nilikuwepo, nimesimama nyuma ya mlango wa karakana na begi langu la shule. Alikitazama kwa muda mrefu. Alikizunguka. Akaweka kiganja kiunoni, akakiondoa.

"Mzee wangu," akasema, "kazi ni safi. Lakini hiki si cha mama. Hiki kimekonda. Pole kwa kuuliza, lakini macho yako yako sawa?"

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angekutukana. Alipoondoka, Nzioka ndiye aliyeanza. "Mzee amezoea twiga! Kila kitu lazima kiwe na shingo!" Wengine wakadakia, eti Kimuyu akichonga kiboko atamtolea masikio juu ya mawingu. Wewe ukacheka nao. Ukafunga chetezo kwa gunia ukakibeba nyumbani begani. Njiani nilitembea nyuma yako, na hukuniambia neno kuhusu pateni. Hata mara moja. Ningekuwa mimi ndiye niliyepewa kadibodi ile ningepiga kelele hadi mtaa wa Tena wasikie. Wewe ulisema tu, "Labda Hajia ana haki. Siku hizi hata gazeti naliweka mbali."

Siku hiyo nilikuwa bado sijui. Nilidhani labda kweli ni macho. Naandika hili ili usifikiri nilijua tangu mwanzo, maana ukweli wenyewe unatosha.

Nilijua wiki moja baadaye. Fatuma, anayekaa karibu nami kwenye chama, alikuwa akichora mpira na mpira ukawa unatoka kama yai. Akalalamika. Mwalimu Akinyi akaja, akainama juu ya bega lake. "Umeiambia ikuonyeshe upana mdogo na kimo kirefu, halafu inakuchorea vyote kwenye sanduku moja la pande sawa. Lazima ibane. Weka alama hapa, mihimili yote iwe na kipimo kimoja." Fatuma akabonyeza. Yai likawa mpira.

Niligeukia kompyuta yangu. Nilifungua faili langu. Nilikuwa nimeiambia programu inionyeshe nafasi yenye upana wa sentimita sitini na kimo cha sentimita tisini, na haikunidanganya, ilivichora tu kwa urefu mmoja kwenye skrini. Chetezo changu cha kwanza kilikuwa sawa. Kilionekana kinene kwa sababu kilikuwa kimefinywa, na mimi badala ya kuuliza kimefinywa na nini, nikakikondesha. Nikabonyeza pale alipobonyeza Fatuma. Kikachomoka juu, chembamba, kiuno cha njaa. Kilikuwa kile kilichosimama nyuma ya mlango wetu, mama akikitundikia leso.

Nikafunga kompyuta. Fatuma akauliza, "Syombua, uko poa?" Nikasema kichwa kinaniuma.

Kwa nini sikukuambia jioni ile? Nimejaribu kuandika jibu zuri mara mbili na nimelifuta. Nilikuwa naogopa kwamba hutanituma tena kitu chochote kwenye kompyuta. Ni hilo tu. Niliogopa kuwa mtoto tu tena. Kesho yake nikasema nitakuambia Jumamosi. Jumamosi ukamwambia mama kwamba binamu yako amekupatia nafasi ya kazi Nakuru na umekubali, na kadiri mambo yalivyokuwa makubwa, ndivyo maneno yangu yalivyozidi kuwa madogo. Halafu ukasema vyombo vyako utampa Nzioka, kwa sababu tezo likikaa bila kazi linaharibika. Ulisema kama mtu anayempa jirani kuku kabla ya safari. Niliingia chumbani nikafungua kitabu nikakitazama juu chini.

Juzi mlipokuwa mmeenda kuaga kwa shangazi, nilichukua kile kipimo chako cha miguu miwili, cha kupimia unene, nikakipima chetezo mahali kumi na sita. Nikalinganisha na namba za pateni. Tumbo, ishirini na nne. Kiuno, kumi. Mahali pote kumi na sita, mwanangu. Kulikuwa na sehemu moja tu iliyotofautiana, kwa upana wa mstari wa penseli, na nilipoangalia vizuri nikakuta ni kadibodi yangu niliyoikata vibaya, wewe uliifuata hata hapo.

Mtu ambaye macho yamekwisha hawezi kufanya hivyo. Ulichonga kile nilichokupa. Na ulipoacha kukifuata kidogo, ukaniita kuniambia kiuno kinakonda, hapo ndipo macho yako yalikuwa yanaona kuliko programu, kuliko mimi, na mimi nikayanyamazisha.

Wewe umri wako ni mara tatu na nusu ya wangu, sina la kukufundisha. Lakini kama mama yako naomba moja. Huko uendako, mtu akikuambia fuata karatasi, na mkono wako unakataa, mwambie akuonyeshe kwanza sentimita moja ya karatasi yake ni kubwa kiasi gani. Mimi ningeulizwa hilo ningekwama, na tungeokoa mti. Na mimi nimejifunza kwamba kitu kikionekana vibaya, niulize ninakitazama kupitia nini kabla sijakigusa. Nimeliandika nyuma ya daftari, lakini naogopa ni rahisi kuliandika.

Barua hii nilipanga kuitia ndani ya begi lako, chini ya shati, uikute kesho ukiwa safarini. Sasa nimeisoma tangu mwanzo na nimeona

Ilibidi niache hapo. Naandika haya jioni.

Nilikuwa naandika kwamba nimeona ukiikuta safarini, vyombo vitakuwa vimeshakwenda, nami nitakuwa nimejificha tena, safari hii nyuma ya begi. Sikumaliza sentensi kwa sababu Nzioka alipiga hodi. Alikuja mapema, na gunia. Wewe ulikuwa nyuma yake, umetoka kwa kinyozi, mkicheka jambo fulani.

"Niaje, mama ya mzee," akaniambia. "Nimekuja kuchukua urithi."

Ulikitoa kile kitambaa chenye vyombo chini ya kochi, ukaanza kukifungua, ukimwonyesha tezo lipi linavuta kushoto. Nikasema, "Subirini." Sauti ilitoka ndogo, hamkusikia. Nikasema tena. Kisha, kwa sababu najua nikisema bila karatasi nitaanza kubuni, nikachukua barua hii nikaisoma, nimesimama, kuanzia pale "kuna jambo". Nilisoma yote. Nilisoma hata ile ya kidole kwenye skrini, hata ile ya Nzioka na twiga, naye akatazama viatu vyake.

Nilipomaliza, Nzioka ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hivyo mzee hakukosea?"

"Hakukosea."

"Hata kidogo?"

"Upana wa penseli. Na huo pia ni wangu."

Wewe uliniuliza jambo moja. "Ulijua lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Na nilikuwa nikisema macho."

"Ndiyo."

Uliinuka. Ulikitoa chetezo nyuma ya mlango, ukaondoa leso ya mama, ukanyoosha mkono nikakupa kipimo na daftari. Ulipima tumbo. Ulipima kiuno. Ulipima pale penye kosa la penseli, mara tatu. Kisha ukafunga vyombo kwenye kitambaa, ukamwambia Nzioka, "Rudi na gunia lako, ndugu yangu. Nakuru nitaenda, nimeahidi watu. Lakini sitaenda kama kipofu." Ukalitoa blanketi kwenye begi na ukaweka vyombo mahali pake.

Nzioka alipokuwa akitoka akasema, "Ile ya twiga, mzee, ilikuwa stori tu." Ukamwambia unajua.

Hujaniita mama tangu wakati huo. Uliniita Syombua mara moja, ulipoomba maji. Sikulaumu. Sasa uko nje kwenye ngazi na mama, ninyi wawili mnaongea kwa sauti ya chini, na mimi nimebaki na ukurasa huu.

Nilipokuletea maji nilichukua simu ya mama mezani. Namba ya Hajia ilikuwa nyuma ya picha. Nilipiga, hakushika. Nikakaa kitandani nikahesabu hadi mia, nikapiga tena. Akashika. Nilimsalimu, nikamwambia jina langu na kwamba mimi ni binti wa yule mchongaji, kisha nikamwambia nilichofanya. Akasema, "Basi mwambie mzee wangu macho yake yako sawa," na sasa natoka kukuletea neno hilo pale kwenye ngazi.